Tagi iliyobadilisha bendera mara mbili

Msomaji mmoja wa Kibiti ameniandikia hivi: "Shikamoo mzee. Babu yetu, Mungu amrehemu, alikuwa mvuvi wa delta ya Rufiji. Alipenda kutusimulia, naye alisimuliwa na baba yake, kwamba wakati wa Vita vya Kwanza Wajerumani waliteka tagi ya Waingereza pale Simba Uranga, mmoja wa milango ya delta. Kisha huongeza kwamba tagi hiyo tangu mwanzo ilikuwa ya Wajerumani wenyewe. Sisi wajukuu tulikuwa tunacheka, tukiona mzee kachanganya mambo. Je, kweli lilitokea? Na kwa nini jeshi lenye manowari za mizinga mikubwa lihangaike na kijimeli cha kuvutia meli bandarini?"

Marahaba, mwanangu. Babu yenu hakuchanganya kitu. Tagi ilikuwepo, iliitwa Adjutant, na kati ya Oktoba 1914 na Februari 1915 ilitoka mikononi mwa Wajerumani ikaingia kwa Waingereza, kisha ikarudi kwa Wajerumani. Hata mwisho wake haukuwa baharini. Ulikuwa Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika, na huko ilifika kwa treni. Nitakueleza yote, ila niruhusu nianze na swali lako la pili. Nimefanya kazi kwenye tagi miaka 27, kuanzia kufunga kamba hadi kushika usukani, na naona wengi wanaosimulia vita vya baharini huitaja tagi kwa mstari mmoja halafu wakakimbilia mizinga. Ukishaelewa tagi ni chombo gani, hadithi ya babu haitakushangaza.

Ukisimama gatini Dar es Salaam au Kilindini ukaitazama tagi imelala ubavuni mwa meli ya makontena, utaiona kama kifaranga kando ya mbuni. Umbo lisikudanganye. Meli ya mizigo imejengwa kubeba. Tagi haibebi kitu zaidi ya mitambo yake, mafuta yake na watu wachache, na sehemu kubwa ya tumbo lake ni injini. Zamani, kabla ya dizeli, ilikuwa boila, makaa na wachochea moto. Pangaboi lake ni kubwa kuliko unavyotarajia kwa chombo cha urefu ule, ndiyo maana linaweza kuvuta mzigo mzito likiwa halijasogea hata hatua. Fikiria trekta. Barabarani utalipita kwa gari dogo, lakini gari hilohilo likizama matopeni ni trekta utakalolitafuta.

Tagi inageuka palepale iliposimama. Haizami sana majini, kwa hiyo inapita mahali ambapo meli kubwa ingekwama. Ina winchi, ina kamba za unene wa paja, ina pampu za kuzimia moto na za kunyonya maji kwenye meli inayovuja. Sitaha yake ya nyuma iko chini, karibu na maji, watu wafanye kazi na kamba bila kuning'inia. Na juu ya yote hayo ina watu wanaoijua bandari yao kama wanavyoujua ua wa nyumbani: mkondo unakimbilia wapi maji yakipwa, fungu liko wapi wakati wa bamvua, upepo wa kusi unaisukumaje meli tupu.

Nikupe jambo moja la karibu, maana ndilo lililonifundisha kuiheshimu kazi hii. Kulabu ya kuvutia kwenye tagi za kizamani haikai mwisho kabisa wa tezi, yaani nyuma ya chombo, kama watu wanavyodhani. Inakaa karibu na katikati, tezi ipate nafasi ya kuyumba na tagi igeuke. Faida hiyo inakuja na hatari yake. Meli unayoivuta ikikupita kwa kasi, kamba inahama kutoka nyuma na kuja ubavuni, na hapo tagi inavutwa kwa upande. Sitaha ile ya chini inazama, na chombo kinaweza kupinduka kabla mtu hajamaliza kusema bismillahi. Usiku mmoja wa kusi, bandarini nilikokuwa nikifanya kazi, meli tuliyoifunga ilianza kwenda kabla hatujawa tayari. Niliiona kamba ikihama. Ikakaza, ikaanza kulia kama zumari, na maji yakapanda sitahani hadi magotini mwa vijana. Serahangi wetu, msimamizi wa mabaharia, hakusubiri amri. Alishika nyundo, akapiga kifungo cha kulabu mara moja tu, kamba ikaruka ikapotelea gizani, na tagi ikasimama wima ikitikisika. Hakuna aliyesema neno kwa muda mrefu.

Ninakueleza hili kwa sababu ofisa wa manowari, hata awe amesoma chuo gani, hana mazoea ya kamba ile. Jeshi linapochukua tagi linachukua na ujuzi wa serahangi wa namna ile, na kwangu mimi huo una thamani kuliko bunduki yoyote watakayoifunga omoni, mbele ya chombo.

Sasa twende kwetu. Vita vilipoanza Agosti 1914 kulikuwa na tagi ya Kijerumani iitwayo Helmuth, ambayo Waingereza waliikamata wakaifanya yao huko Zanzibar. Tarehe 20 Septemba 1914, Jumapili alfajiri, ilikuwa imewekwa zamu kwenye mlango wa kusini wa bandari ya Zanzibar. Ndani ya bandari manowari ya Kiingereza Pegasus ilikuwa imetia nanga, mitambo yake ikitengenezwa. Meli ikatokea kutoka kusini, na meli yenyewe ilikuwa Königsberg, manowari ya Wajerumani yenye mizinga 10. Helmuth ikashambuliwa kwanza, halafu Königsberg ikaigeukia Pegasus na kuipiga mpaka ikaangamia pamoja na mabaharia wengi. Baadhi yao wamezikwa kwenye kisiwa kidogo cha Chapwani, mbele ya Mji Mkongwe, na makaburi yapo mpaka leo.

Tagi moja kulinda mlango wa bandari dhidi ya manowari ya namna ile ilikuwa kazi isiyo haki. Lakini utaona thamani yake ilipotengenezwa ikarudi kazini. Mapema Novemba 1914, jeshi kubwa kutoka India lilipofika Tanga, ofisa wa manowari Fox aliogopa kwamba njia ya kuingilia ilikuwa imetegwa mabomu ya baharini. Nani wa kutangulia? Helmuth. Kufagia mabomu ni kuburuta waya mzito chini ya maji, na kuburuta ndiyo kazi ya tagi tangu kuzaliwa. Tena haizami sana, kwa hiyo inaweza kupita juu ya bomu ambalo meli kubwa ingeligonga. Mabomu hayakuwepo. Ule muda uliotumika kwa tahadhari uliwasaidia Wajerumani, chini ya kamanda wao von Lettow-Vorbeck, kushusha askari kwa reli kutoka upande wa Moshi, na Waingereza wakashindwa vibaya Tanga. Lawama hiyo siiweki kwa tagi. Yenyewe ilifanya ilichoagizwa.

Wiki chache baadaye, tarehe 28 Novemba 1914, Helmuth ilikuwa Dar es Salaam. Yeyote aliyewahi kupanda pantoni ya Kigamboni anajua jinsi mlango wa bandari ile ulivyo mwembamba. Wajerumani walikuwa wamezamisha chelezo chao kinachoelea, cha kutengenezea meli, pale mlangoni mwezi Agosti ili kuuziba. Manowari kubwa Goliath ilibaki nje na mizinga yake, ikielea tu. Waliotumwa ndani walikuwa Helmuth na boti ndogo ya mvuke, kwenda kuharibu mitambo ya meli za Kijerumani zilizokuwa zimejificha, zikiwemo König na Feldmarschall. Kikosi hicho kiliongozwa na Kamanda Henry Peel Ritchie. Mjini zilikuwa zimepandishwa bendera nyeupe, kisha risasi zikaanza kutoka ufukweni, na kila upande ukaulaumu mwenzake kwa muda mrefu baadaye.

Hapa kuna ufundi ambao mtu wa bandari anaupenda. Ritchie alichukua tishari mbili za chuma, yaani mashua bapa za mizigo, akazifunga moja kila ubavu wa ile boti, zikawa ngao dhidi ya risasi. Kufunga tishari ubavuni ni jambo tunalofanya kila siku kwa ajili ya mzigo, yeye akaligeuza kuwa silaha ya kujilinda. Alijeruhiwa mara nane kabla ya kutoka, na alipewa Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza, kwa tendo la mapema kuliko mengine yote ya wanamaji waliotunukiwa nishani hiyo katika vita vile.

Unaweza kuuliza kama ni halali kuchukua chombo cha biashara ukakivalisha bendera ya vita. Mwaka 1907 mataifa yalikubaliana huko The Hague, na mkataba wa 7 unahusu jambo hilihili. Meli ya biashara ikigeuzwa manowari lazima iwe chini ya amri ya moja kwa moja ya taifa linaloitumia. Ivae alama za nje za manowari za taifa hilo. Nahodha awe mtumishi wa serikali aliyeteuliwa rasmi na jina lake limo kwenye orodha ya maofisa wa jeshi. Mabaharia wawe chini ya nidhamu ya kijeshi. Ifuate sheria za vita, na itangazwe mapema iwezekanavyo kwenye orodha ya manowari.

Usidhani ni makaratasi tu. Mchochea moto aliye chini ya sitaha, ambaye juzi alikuwa anavuta meli za chumvi na mbao, akikamatwa ndani ya chombo chenye bendera na nahodha halali wa jeshi, ni mateka wa vita na ana haki ya kutunzwa. Akikamatwa kwenye chombo kinachofyatua risasi bila hayo, anaweza kutendewa kama mhalifu. Ile bendera ndogo tezini ndiyo iliyosimama kati yake na kitanzi.

Namna ya kuzipata tagi nayo ilitofautiana. Chombo cha adui kilichokamatwa kilikuwa mateka ya baharini, na shauri lake lilikuwa la mahakama maalumu ya mateka hayo. Chombo cha raia wa nchi yenyewe kilitwaliwa kwa amri. Uingereza ilitoa tangazo la mfalme tarehe 3 Agosti 1914 lililoruhusu kutwaa meli za raia wake, na mwenye meli alipaswa kulipwa. Marekani, ilipoingia vitani mwaka 1917, ilinunua nyingi moja kwa moja.

Mojawapo ya zile za Marekani nataka uijue, kwa sababu inaonyesha hatari ambayo bendera haiiondoi. Conestoga ilijengwa mwaka 1904 kwa ajili ya kampuni ya reli ya Philadelphia and Reading, kuvuta tishari za makaa. Jeshi la wanamaji liliinunua Septemba 1917, ikafungwa mzinga wa inchi 3 omoni, ikavuta na kusindikiza katika Atlantiki. Vita vikaisha salama. Tarehe 25 Machi 1921 ilitoka San Francisco kwenda Pearl Harbor, na kutoka hapo ilikuwa iende Samoa. Haikufika. Watu 56 walipotea, na familia zao ziliishi miaka na miaka bila kujua waliko. Mabaki yake yalionekana kwa vifaa vya kupima sakafu ya bahari mwaka 2009, yakathibitishwa na kutangazwa mwaka 2016, karibu na visiwa vya Farallon, yaani si mbali hata kidogo na mlango wa bandari iliyotoka. Inaaminika ilipigwa na dhoruba ikawa inajaribu kufika mahali pa kujikinga. Nikisoma habari ile naiona ile sitaha ya chini na mawimbi yakipanda juu yake. Mzinga ulikuwa bado upo pale chini, na ni mmoja wa ushahidi uliowasaidia wachunguzi kuitambua.

Turudi delta. Baada ya kuiharibu Pegasus, Königsberg ilijificha ndani ya Rufiji, na Waingereza waliigundua mwisho wa Oktoba 1914. Wewe ni mtu wa Kibiti, huna haja ya kuelezwa delta ilivyo: milango mingi, mikoko hadi majini, mafungu yanayohama, na maji ambayo saa sita za kupwa hukugeuzia njia kuwa tope. Manowari za Kiingereza zenye kina kirefu zilibaki nje zikilinda. Tarehe 10 Novemba walizamisha kwa makusudi meli ya makaa, Newbridge, ili kuziba mlango mmoja. Milango mingine ikabaki. Walihitaji macho ndani, na chombo cha kuingia huko kilipaswa kuwa kifupi cha kina, chenye nguvu na kinachogeuka upesi.

Adjutant ilikuwa tagi ya Kijerumani iliyofanya kazi katika mwambao huu. Oktoba 1914 ilikamatwa baharini na manowari ya Kiingereza Dartmouth, ikapewa mabaharia wa Kiingereza na kazi ya kulinda na kuchungulia. Tarehe 6 Februari 1915 iliingia Simba Uranga. Ndani ya mikoko kulikuwa na kikosi cha Wajerumani na askari wao, kimejichimbia, na bunduki za rasharasha na mizinga midogo imeelekezwa majini. Kilimngojea mgeni aingie mpaka ndani. Tagi ikapigwa, ikapoteza uwezo wa kwenda, na waliomo wakajisalimisha.

Mtu asiyejua atasema walikata tamaa haraka. Nakuomba uingie kidogo chini ya sitaha ya tagi ya mvuke. Boila iko katikati, na mabomba ya mvuke yanakwenda kwenye injini nyuma ya bati ambalo halikujengwa kuzuia risasi. Bati la tagi limetengenezwa kustahimili kugongana na gati. Bomba la mvuke likitobolewa, kwanza mvuke unaunguza kila aliye chumbani, na pili, pangaboi linasimama. Chombo kisichokwenda ndani ya mlango wa Rufiji ni mali ya mkondo, na mkondo utakipeleka kwenye fungu, mita chache kutoka kwa mtu mwenye bunduki nyuma ya mkoko. Pale hakuna pa kukimbilia. Baba wa babu yako, kama alikuwa ng'ambo akisikia milio ile, aliyaona yote kwa ukaribu kuliko maofisa walioandika taarifa.

Ndivyo tagi ilivyorudi kwa wenyewe. Na utagundua kwamba Wajerumani hawakuiona kama chuma cha kujivunia tu. Katika koloni lililozingirwa, lisilopata meli mpya kutoka Ulaya, tagi moja yenye mitambo mizima ilikuwa mali kubwa.

Kabla ya kuifuata huko ilikokwenda, naomba nikutajie tagi nyingine nne zilizofika Rufiji, kwa sababu bila hizo Königsberg ingeendelea kukaa pale. Waingereza waliamua kwamba dawa ni manowari bapa za mtoni, Severn na Mersey. Hizi nazo zilikuwa zimejengwa kwa ajili ya Brazil, kwa matumizi ya mto Amazon, Uingereza ikazichukua vita vilipoanza. Kina chake kilikuwa chini ya mita 2. Zilikuwa Malta. Manowari bapa ya namna ile baharini ni kama sahani. Hazikuweza kuja Afrika Mashariki kwa nguvu zake zenyewe. Basi zikaletwa kwa kuvutwa na tagi Blackcock, Revenger, T. A. Jolliffe na Sarah Jolliffe. Mbili hizi za mwisho zilikuwa tagi za Liverpool, zilizozoea kusindikiza meli kubwa mto Mersey. Zilitoka Malta mwisho wa Aprili 1915, zikapita Suez, zikashuka Bahari ya Shamu katika joto la Mei, zikazunguka Pembe ya Afrika, na kufika Mafia mwanzoni mwa Juni.

Safari ile hupita kwa sentensi moja vitabuni, nami siwezi kuiacha ipite. Kuvuta baharini si kama kuvuta bandarini. Unaachia kamba ndefu sana, mamia ya mita, kiasi kwamba katikati yake inazama majini na kujipinda. Ule mpindo ndio springi yako. Wimbi likiisukuma tagi mbele, kamba inanyooka kidogo badala ya kukatika. Ukiona kamba imetoka majini yote, imenyooka kama mstari wa rula, ujue umechelewa kupunguza mwendo. Unajaribu pia kupima urefu wake ili tagi na mzigo wapande mawimbi kwa wakati mmoja, la sivyo mmoja anashuka mwingine anapanda na kila mara kamba inapata mkupuo. Mahali kamba inapopita ukingoni mwa tezi inasagika, kwa hiyo mtu anakaa pale usiku na mchana, akipaka grisi, akifunga turubai, akisogeza kidogo ili isisagike sehemu moja. Fanya hivyo zaidi ya mwezi mzima, ukiwa umekaa juu ya boila katika Bahari ya Shamu. Waliofanya kazi hiyo wanastahili kutajwa kwa heshima ileile wanayopewa wapiga mizinga.

Tarehe 6 Julai 1915 Severn na Mersey ziliingia delta kwa mlango wa Kikunja. Siku ile haikufaulu, na Mersey ilipigwa na kupoteza watu. Tarehe 11 Julai wakarudi, ndege ikielekeza makombora kutoka angani, na kufikia mchana Königsberg ilikuwa inawaka. Nahodha wake, Max Looff, aliamuru ilipuliwe. Mizinga yake yote 10 ilitolewa majini baadaye na kutumika nchi kavu, na mmoja unaweza kuuona Mombasa, karibu na Fort Jesus.

Adjutant ilitolewa delta, ikafikishwa Dar es Salaam. Huko Wajerumani wakafanya jambo ambalo kwa mtu wa tagi ni ajabu ya kweli: waliifungua vipandevipande, wakaipakia kwenye mabehewa ya reli ya kati, na kuipeleka zaidi ya kilomita 1,200 hadi Kigoma. Reli ilikuwa imefika Kigoma mwaka 1914 tu. Njia hiyohiyo ndiyo iliyopeleka meli Graf von Goetzen ndani ya maelfu ya makreti, iliyounganishwa na kushushwa ziwani mwaka 1915, na ambayo leo tunaijua kwa jina la Liemba.

Sababu ya haraka ile ilikuwa wazi. Desemba 1915 Waingereza, kwa boti zao Mimi na Toutou walizozivusha porini kutoka Afrika Kusini, waliiteka boti ya Kijerumani Kingani ziwani, wakaibandika jina Fifi wakaitumia wao. Februari 1916 wakaizamisha Hedwig von Wissmann. Wajerumani walikuwa wanaishiwa vyombo Tanganyika. Tagi yenye injini imara ingewafaa sana. Kwa hiyo ikawekwa kwenye chelezo Kigoma, mafundi wakaanza kupigilia ribiti upya, bati kwa bati.

Haikuwahi kwenda vitani ziwani. Ndege za Wabelgiji zilikuwa zinakuja kurusha mabomu Kigoma, majeshi yao yakasogea, na Julai 1916 Wajerumani walipokuwa wanaondoka mjini walijiharibia wenyewe vyombo vyao. Goetzen waliizamisha kwa uangalifu karibu na mlango wa Malagarasi, mitambo imepakwa grisi, wakitumaini kuirudia. Waingereza ndio walioiibua mwaka 1924. Adjutant iliangamizwa pale Kigoma. Tagi iliyozaliwa kuvuta meli katika maji ya chumvi ilimalizikia mbele ya maji matamu.

Ninapowaza habari hii ninafikiri sana watu wa chini ya sitaha. Katika meli za mwambao wa wakati ule kazi ya makaa na moto ilifanywa kwa wingi na watu wa pwani yetu na wa Bahari ya Hindi. Bendera ya tezini ilipobadilika, koleo lilikuwa lilelile na moto uleule. Hadithi kama ya babu yako ndiyo mahali ambapo watu hao bado wamehifadhiwa, na ndiyo maana barua yako nimeisoma mara tatu.

Kwa hiyo nina ombi, nawe ukiweza nitashukuru. Muulize mama au wajomba zako: babu alipokuwa akisimulia, alionyesha tagi ilikwama ng'ambo ipi ya Simba Uranga, upande wa kaskazini au wa kusini? Na alisema maji yalikuwa yanajaa au yanapwa? Mvuvi wa delta hawezi kusimulia jambo la namna ile bila kutaja maji. Ukipata jibu niandikie, na ukiweza nenda na mzee anayeujua mlango ule wakati wa maji mafu, aitaje sehemu kwa jina lake la wavuvi, kisha unitumie jina hilo jinsi anavyolitamka.